Nani Alimwambia Mama Nduku Azime

Jina lake hasa ni Kalunde, lakini pale Ikutha humsikii mtu akimwita hivyo. Ni Mama Nduku, kwa jina la kifungua mimba wake, na ukitaka kumpata siku za kazi huulizi nyumba yake iko wapi, unauliza kanisa liko wapi. Kwa miaka ishirini na miwili alishika funguo za kanisa letu: mlango mkubwa, stoo ya viti, chumba kidogo nyuma ya mimbari, na kufuli ya tangi la maji. Alizifunga funguo hizo nne kwa kamba ya katani na kuzivaa shingoni, chini ya blauzi. Watoto waliokuwa wakicheza nje walizisikia zikigongana anapopita, wakajua ibada imekaribia, wakaanza kutafuta viatu vyao.

Naandika habari zake kwa sababu nilimkosea, na kwa sababu watu wa Ikutha walisimuliwa kosa langu kwa dakika tatu tu, siku ambayo kulikuwa na matangazo mengine mengi. Dakika tatu hazitoshi.

Mimi ni Musyimi, fundi wa mitandao. Nimezaliwa Ikutha. Mama yangu na Mama Nduku walikuwa katika ushirika mmoja wa akina mama, na mama alipofariki nikiwa kidato cha pili, Mama Nduku ndiye aliyenipikia mpaka nikamaliza shule. Sikuwa mgeni kwake. Nilikula jikoni, nimekaa kigodani, sahani magotini, na sufuria ikiwa na ukoko aliniachia mimi. Hata Nduku, binti yake, alilalamika kwamba mimi ndiye napendelewa. Mama huyo aliniita mwanangu, nami niliitika bila kufikiri.

Siku hizi nafanya kazi Kitui mjini, katika kampuni ndogo ya intaneti. Tuna minara juu ya vilima kutoka Tseikuru kule kaskazini hadi Mtito Andei kwenye barabara ya Mombasa, na minara hiyo inahudumia shule, zahanati na visima vya maji. Hakuna mtu anayeweza kukaa chini ya kila mnara akiutazama. Kwa hiyo tuna programu ambayo kazi yake ni kuuliza kila mnara, kila dakika, kama uko hai. Mnara ukinyamaza, programu inatuma meseji kwenye simu zetu, nasi tunampigia mteja au tunawasha pikipiki. Programu hiyo inakaa ndani ya seva, na seva ilikuwa ofisini kwetu Kitui.

Bosi wetu ni Gakenia, mwanamke wa Nyeri aliyeolewa Kitui, na asiyependa maneno mengi. Mwaka jana alituuliza swali moja: seva hiyo ikifa, nani atatuambia kwamba minara imekufa? Hakukuwa na wa kutuambia. Basi akanipa mimi kazi ya kupanga seva ya pili, ya akiba, ikae mbali na Kitui, iwe inaisikiliza ile kubwa muda wote. Kubwa ikikata pumzi, ya akiba ishike kazi yenyewe, bila kungoja mtu aamke au arudi kutoka safarini.

Kazi hiyo niliijivunia sana, na sasa nikikumbuka nasikia vibaya. Mwenzangu Evanson, anayeshughulikia upande wa Mtito Andei, alipendekeza tuiweke huko, kwenye chumba kimoja nyuma ya hoteli. Nikamkatalia. Nikasema huko umeme unakuja na kwenda, na vumbi la malori lingeiua seva kabla ya Krismasi. Nikasema Ikutha ni bora: kanisa lina sola na betri nzuri, chumba cha nyuma ya mimbari kina mlango wa chuma, na mnara wetu uko pale pale uani. Yote hayo yalikuwa kweli. Kweli nyingine ni kwamba nilitaka watu wa kwetu waone nilichosomea.

Nikachora mpango. Kitui ikinyamaza dakika tatu, Ikutha inashika. Kitui ikifufuka, Ikutha haiachii mpaka mtu aruhusu, zisije zikagombania kazi. Na kila miezi mitatu, Jumapili asubuhi wakati ofisi za wateja zimefungwa, tuzime Kitui makusudi tuone kama Ikutha itaamka kweli. Baada ya hapo fundi anajaza fomu na kutia sahihi. Gakenia alisoma karatasi zote, akachukua kalamu nyekundu, akapiga mistari miwili chini ya hilo jambo la kujaribu. Akasema seva ya akiba ambayo haijajaribiwa ni pambo.

Mwezi wa tano nikaipeleka Ikutha. Mama Nduku alinifungulia mlango wa chuma kwa ufunguo wake, akaniuliza mashine inaitwaje na inakula nini. Kuanzia siku hiyo aliipangusa kila asubuhi. Mara ya pili nilipokwenda nilikuta ameifunika kitambaa cheupe alichofuma mwenyewe kwa sindano, chenye maua pembeni. Nikamwambia mama, usiifunike, itapata joto. Alikitoa kwa shingo upande, akakikunja vizuri, akakirudisha nyumbani.

Mara ya tatu ndiyo ninayotaka kuisema. Ilikuwa mwezi wa sita, siku ya Alhamisi, saa saba mchana. Nilikuwa jikoni kwake, kigodani, nikila muthokoi, na mahindi yake aliyatwanga mwenyewe kwa sababu yale ya kununua anayaona ni ya wavivu. Akangoja nishibe nusu, kisha akasema:

"Mwanangu, hiyo mashine yako ni nzuri lakini iko na kelele. Mchungaji akiomba, inanguruma nyuma yake kama inamjibu. Na spika zinalia. Nikiizima Jumapili tukiomba, halafu niwashe tukimaliza, iko shida?"

Shida ilikuwepo, kubwa. Jibu lilikuwa rahisi na mtoto angeweza kulitoa: mama, usizime, hiyo ndiyo inalinda ile nyingine, ngoja nitafute namna ya kupunguza kelele. Lakini nilikuwa na chakula chake mdomoni. Kwetu huwezi kula chakula cha mzazi na papo hapo ukamwambia hapana. Na nikiacha kujificha nyuma ya mila, nilikuwa mvivu pia, sikutaka kuanza kuhamisha mashine.

"Hakuna shida, mama," nikamwambia. "Zima tu. Jumapili watu hawana kazi na intaneti."

Tukaenda pamoja kanisani nikamwonyesha kitufe. Bonyeza mara moja, ngoja taa ya kijani izimike. Kuwasha ni vilevile. Akafanya mara mbili mbele yangu, uso umekunjamana kwa makini. Wakati huo kuku mwekundu aliingia chumbani, akapita chini ya meza ya seva, na Mama Nduku akaacha somo akamtoa kwa ufagio. Tulicheka. Nikapanda gari nikarudi Kitui.

Jumapili iliyofuata nilikuwa kanisani Kitui, simu ikatetemeka mfukoni: Ikutha haijibu. Meseji za seva hiyo nilizipokea mimi peke yangu. Nilijua ni nini, nikainyamazisha simu. Jumapili ya pili vilevile. Jumapili ya tatu, ilipotetemeka katikati ya sala, mwanamke mmoja mbele yangu akageuka akanitazama. Jumatatu nikaingia kwenye programu, nikaiambia isinisumbue kuhusu Ikutha siku za Jumapili, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa tisa alasiri. Programu ikatii. Mashine haina ubishi, na hapo ndipo inapomponza mtu.

Ikafika Jumapili ya kujaribu. Ili nijaribu, ilibidi nimpigie Mama Nduku simu nimwombe leo asizime, avumilie kelele. Nikaona haya. Nilishamwambia hakuna shida, sasa nirudi na shida yangu? Nikachukua fomu nikaandika: Imejaribiwa. Imepita. Nikatia sahihi. Mwezi wa kumi nikafanya hivyo tena, safari hii bila hata kujiuliza, na sahihi yangu ilitoka nzuri zaidi.

Majuma mawili baadaye, siku ya Jumapili, seva ya Kitui iliungua. Si moto, ni kile kisanduku kinachoipa umeme kilichokufa, saa tatu kasoro asubuhi. Ikutha ilikuwa imezimwa tangu saa mbili, kama nilivyoruhusu. Tangu hapo hatukuwa na jicho popote, na hakuna aliyejua kwamba hatuna jicho, kwa kuwa mwenye kupiga kelele ndiye aliyekuwa amekufa.

Saa nne umeme ukakatika upande wa Tseikuru. Kuna zahanati moja huko, ndogo, yenye friji ya chanjo. Umeme ukikatika kwao mnara wetu pia hunyamaza, na makubaliano yetu ni kwamba tukiona mnara huo umenyamaza tunampigia nesi mara moja, naye anakwenda kuwasha jenereta. Nesi alikuwa ibadani, kijiji cha pili. Hakupigiwa. Kwa kawaida Mama Nduku angeiwasha Ikutha saa nane, lakini siku hiyo kulikuwa na ubatizo na wageni, na ibada ikaenda hadi saa kumi na moja jioni. Alipobonyeza kitufe, simu zetu zote zilijaa meseji kwa mpigo mmoja. Joto la Tseikuru mwezi wa kumi mnalijua. Chanjo zote ziliharibika. Siku ya kliniki, akina mama waliotembea kilomita kumi na zaidi na watoto mgongoni waliambiwa warudi nyumbani, waje baada ya majuma mawili.

Jumatatu Gakenia aliniambia tupande gari twende Ikutha. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno na kuyapangua. Nilijiambia nitamweleza tukifika Mutomo. Mutomo ikapita. Nikajiambia basi, tukifika penyewe.

Mama Nduku alitupokea mlangoni pa kanisa, ametawaza miguu, amefunga leso mpya kwa sababu aliambiwa mkubwa wangu anakuja. Gakenia alimsalimia kwa heshima, akamuuliza kama anajua kwa nini mashine ilikuwa imezimwa jana.

"Mimi ndiye nilizima," Mama Nduku akasema, bila wasiwasi wowote. "Nazimanga kila Jumapili tukiomba."

"Na nani alikuambia uzime, mama?"

"Si ni huyu mtoto wetu?" Akanielekeza kwa kidevu, anatabasamu. Aliona fahari kunitaja.

Gakenia akageuka akanitazama. Nakumbuka alivyonitazama, hakuwa na hasira bado, alikuwa anataka tu kujua. Kulikuwa na nafasi ya kutosha ya kusema ndiyo. Neno lenyewe ni fupi.

"Mama," nikasema, kwa sauti ya upole kabisa, "nafikiri ulinielewa vibaya. Mimi nilikuonyesha namna ya kuwasha, umeme ukipotea. Kuzima sikusema."

Tabasamu lake halikutoka mara moja. Lilibaki pale kidogo, kama mtu anayengoja umalize mzaha. Kisha akanitazama machoni, na nilichokiona si hasira. Angekasirika ningepona. Alikuwa anatafuta ndani ya kichwa chake, anapekua, anarudi nyuma. Akagusa funguo zake kifuani.

"Pengine," akasema. "Siku hizi nasahau."

Gakenia akamshika mkono, akamwambia si kosa lake, ni letu, kwa kumwachia mashine mtu ambaye hatukumfundisha. Tukaing'oa seva, tukaipakia kwa gari, ikahamishiwa Mtito Andei kwenye chumba cha Evanson. Njiani Gakenia alinisifu. Alisema nimezungumza na yule mama kwa heshima sana. Nikamshukuru. Zile fomu mbili za Jumapili hakuziuliza, nami sikuzitaja.

Aibu haikunishika siku hiyo, na hilo linaniudhi hadi leo. Siku hiyo nililala vizuri. Nilijiambia mama ni mtu mzima, hana kazi ya kupoteza, mimi ninayo. Kwake ni neno dogo litakalopita. Hivyo ndivyo nilivyolipima.

Halikupita. Ikutha si kubwa. Ilijulikana kwamba Mama Nduku alizima mashine ya watu na chanjo za watoto zikaharibika. Hakuna aliyemgombeza. Walimhurumia, na huruma ndiyo iliyommaliza. Shemasi akaanza kupita nyuma yake kuhakikisha amefunga stoo. Akina mama wa ushirika wakawa wanamkumbusha siku ya mkutano mara tatu. Kila aliyemkumbusha jambo alimthibitishia kwamba kweli kichwa kinakwenda. Jumapili ya pili ya Novemba, mvua ikinyesha juu ya mabati kiasi kwamba hata spika hazikusikika, alisimama mbele, akavua ile kamba ya katani shingoni, akaiweka juu ya meza ya sadaka. Waliokaa mbele walimsikia akisema hawezi kushika nyumba ya Mungu na kichwa kinachomdanganya. Akarudi kuketi.

Mimi nililisikia hilo kwa simu, mwezi wa kumi na mbili. Aliyenipigia ni Nduku, ambaye ni mwalimu kule Wote. Alikuwa amekuja likizo.

"Musyimi, mama hayuko sawa," alisema. "Anaandika kila kitu kwa daftari. Amelisha mbuzi, anaandika. Ametia chumvi, anaandika. Jana amenionyesha akaniuliza kama huu mwandiko ni wake."

Akaniomba, kwa kuwa niko mjini na najua watu, nimtafutie daktari wa mambo ya kichwa. Nikasema nitatafuta. Nilipokata simu nilikaa kwenye ngazi za ofisi, na hapo ndipo aibu ilinifikia, imechelewa miezi miwili. Nilipaswa kumpigia Nduku pale pale nimwambie mama hana ugonjwa, ugonjwa ni mimi. Badala yake nikatafuta daktari. Nikajiambia daktari atasema mama mzima, mambo yataishia hapo, na hakuna atakayeniuliza kitu.

Walikuja Januari, kabla shule hazijafunguliwa. Niliwapokea stendi, nikawapeleka kwenye kliniki moja karibu na soko. Mama Nduku alikuwa amekonda. Daftari alikuwa amelishika kwa mikono miwili mapajani, la kurasa tisini na sita, jalada limeanza kupinda. Tulipoketi alilifungua, akatazama saa ukutani, akaandika: Tumefika. Musyimi yuko.

Daktari aliitwa Kyule, kijana mtaratibu anayeongea Kikamba kizuri. Alikubali sote watatu tuingie. Akamuuliza Mama Nduku tarehe, siku, mwezi. Akamtajia maneno matano, akazungumza mengine, akarudi kumuuliza yale matano. Mama akayataja yote, na kwa mpangilio. Akamwambia atoe saba katika mia, na atoe tena na tena. Akatoa hadi daktari mwenyewe akamwambia basi. Mama akamtajia wachungaji wote waliopita kanisani petu, mwaka aliokuja kila mmoja na watoto wake wangapi. Daktari akaweka kalamu chini, akasema haoni tatizo lolote. Akauliza ni nini kilichomfanya afikiri anasahau, na lini kilianza.

Nilijua jibu kabla hajafungua mdomo. Nilitazama bango la ukutani linaloonyesha mishipa ya moyo.

"Oktoba," Mama Nduku akasema. "Daktari, usinifiche. Hayo ya kuhesabu naweza. Lakini nilisikia huyu mtoto akiniambia nizime mashine. Nilimsikia na haya masikio. Nikamwona akinionyesha, na mimi nikabonyeza. Na yeye anasema hakusema. Huyu hawezi kunidanganya, nimemlea. Kwa hivyo ni kichwa yangu ilitengeneza. Sasa kama ilitengeneza hiyo, nitajuaje kama sitengenezi zingine?"

Daktari akaanza kueleza kwamba wakati mwingine akili ya mtu ikichoka inabuni mambo. Alikuwa anaandika huku akieleza. Niliona anaandika neno kwenye faili lake, na nikafikiria faili hilo likikaa kwenye rafu na jina lake juu, Kalunde, miaka yote iliyobaki, kwa sababu yangu.

"Nilisema," nikasema.

Daktari akainua macho. Nduku akageuka.

"Nilisema, mama. Nilikuambia uzime. Nilikuwa nakula kwako, ukaniuliza kama iko shida, nikasema hakuna, zima tu. Nikakuonyesha kitufe. Bosi alipouliza nikaogopa. Hujasahau kitu."

Nje mtu aliita namba ya mgonjwa anayefuata. Mama Nduku hakulia wala hakuniinukia. Alinitazama jinsi alivyokuwa akimtazama muuza mahindi anayesema debe limejaa.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

"Siku hiyo ni nini iliingia kwa chumba?"

"Kuku. Kuku mwekundu. Alipita chini ya meza."

"Nikamtoa na nini?"

"Na ufagio."

Akafumba macho. Mabega yake yaliyokuwa juu tangu stendi yakashuka kidogo kidogo. "Ufagio," akasema, lakini hakuniambia mimi, alimwambia Nduku. "Nilikuambia kulikuwa na kuku. Ukasema kuku hawezi kuingia huko."

Nduku alikuwa ameweka mkono mdomoni. Mwalimu yule, tuliyegombania ukoko naye tukiwa shuleni, alisimama akatoka nje bila kunitazama.

Mama Nduku akafungua daftari kwenye ukurasa mpya, akalisukuma mbele yangu pamoja na kalamu.

"Andika. Tarehe, na ile ulisema. Halafu tia sahihi."

Nikaandika. Nikatia sahihi, ile ile niliyotia kwenye fomu mbili za Gakenia, na nikaona daktari anaitazama kama shahidi. Mama akaisoma yote polepole, midomo ikitembea, akafunga daftari akaliweka mkobani. Tangu siku hiyo, Nduku anasema, hajaandika neno jingine humo.

Alasiri hiyo hiyo nilikwenda kwa Gakenia na zile fomu mbili mkononi. Nilimweleza yote nimesimama, maana hakuniambia niketi. Alisoma fomu, akaziweka kando.

"Nilipanga seva mbili kwa sababu siamini chuma," akasema. "Sikujua nahitaji kupanga pia mafundi wawili."

Hakunifukuza. Alimpigia nesi wa ile zahanati akamwambia ukweli nikisikia, kisha akampigia Mama Nduku akamwomba msamaha kwa niaba ya kampuni. Sasa kila jaribio lina sahihi mbili. Jumapili za kujaribu naenda Mtito Andei, Evanson anasimama kando yangu, tunazima Kitui kwa simu, tunahesabu dakika tatu, na ya akiba inaamka. Inaamka kila mara. Evanson anatia sahihi kwanza, halafu mimi. Ni mtu mwema, hajawahi kunitania juu ya hilo, na natamani angenitania.

Kanisani nilisimama Februari. Nilipangiwa baada ya tangazo la mbuzi aliyepotea na kabla ya lile la semina ya vijana. Nilisema kwa Kiswahili, kwa maneno niliyoyachagua vizuri. Nilipomaliza, mama mmoja mzee wa mstari wa mbele akainua mkono akasema hakusikia, niseme kwa Kikamba. Nikasema upya. Kwa Kikamba sikupata mahali pa kujificha. Ilikuwa nilidanganya, na niliyemdanganya ni mama. Mwenyekiti wa kanisa akachukua kamba ya katani akampelekea Mama Nduku alipoketi. Akazihesabu funguo, zote nne, akazivaa, akaziingiza chini ya blauzi. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimeshuka nikaketi nyuma.

Baada ya ibada alituma mtu kuniambia nisiondoke bila kula. Moyo ukaninyanyuka. Nilikwenda nyumbani kwake kwa miguu, na nilipofika nikapinda kwenda jikoni, kama nilivyofanya miaka yote. Alikuwa mlangoni pa jikoni. Hakunizuia kwa nguvu, alinyoosha tu mkono kuelekea nyumba kubwa.

"Huku," akasema.

Sebuleni meza ilikuwa imetandikwa. Alikuwa ametandika kile kitambaa cheupe chenye maua, ambacho niliwahi kumwambia asiifunikie seva. Sahani ya kioo, kijiko, glasi ya maji iliyofunikwa. Alinimiminia maji ya kunawa mwenyewe, akashika taulo mpaka nikamaliza, akaniwekea muthokoi na nyama, chakula kingi, hakupunguza chochote.

"Karibu chakula, Injinia," akasema, akatoka.

Nilimsikia jikoni na Nduku, vigoda vikikokotwa, mwiko ukikwangua ukoko sufuriani. Walikuwa wanacheka. Nikasema asante, ingawa hakuna aliyekuwepo wa kunisikia, nikaanza kula.